Deni la Askari wa Mara

Imekuwa desturi ya watu wengi, wasomi kwa wasiosoma, kusema kwamba mtu wa Mara amezaliwa askari. Neno hili hutamkwa kwa sifa, na aghalabu hupokewa kwa furaha hata na wale wanaosifiwa. Katika Mbalibali, na katika nchi yote ya Tarime na Serengeti, mtoto wa kiume mwenye kifua kipana na miguu ya mbio huambiwa mapema kwamba jeshi linamngoja, kama vile ndama dume anavyotazamwa na kupimiwa nira kabla hajaota pembe. Hapana anayeuliza ng'ombe huyo atakula nini siku atakapofunguliwa nira.

Sifa hii ni asali iliyotiwa shubiri. Hapana kabila duniani lililozaliwa na bunduki mkononi. Wakurya na Wangoreme walizaliwa kama walivyozaliwa watu wengine, wakachunga, wakalima, wakaamua mashauri yao katika iritongo, baraza lao la watu wote, na wakasikiliza wazee wao. Waliogawanya watu wa Afrika katika makabila ya vita na makabila ya jembe walikuwa watawala wa kikoloni, nao walifanya hivyo kwa faida yao. Mtu aliyetoka mbali na shule na mbali na mji alikuwa na nguvu nyingi, alikuwa na maswali machache mbele ya afisa, na mshahara mdogo kwake ulikuwa mkubwa. Ikawa ukosefu wa shule unaitwa ushujaa wa damu. Amwambiaye mtu kuwa amezaliwa askari humwambia papo hapo, kwa sauti ya chini, kuwa hakuzaliwa kwa kazi nyingine yoyote. Sauti hiyo ya chini ndiyo humfuata askari siku anaporudisha sare bohari na kuanza kutafuta maisha ya raia.

Tazamwe kwanza historia, maana deni lisilo na hesabu hukanwa kwa urahisi. Jeshi la Keya liliundwa mwaka wa 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ikapata batalioni yake, ya sita. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia katika utumishi wa jeshi. Walipigana Uhabeshi, wakapelekwa Madagaska mwaka wa 1942, na mwaka wa 1944 walikuwa katika misitu ya Burma, ambako mvua na malaria viliua kama risasi. Huko walijifunza mambo ambayo kijiji hakikuwa nayo. Wengine walijua kuendesha magari na kuyatengeneza, wengine kupeleka habari kwa simu za upepo, wengine kufunga majeraha na kuwahudumia wagonjwa. Maelfu walijua kusoma na kuandika ndani ya kambi, kwa kuwa jeshi lilikuwa na kikosi chake cha elimu.

Kiswahili chenyewe ni mdaiwa wa watu hawa. Mnyamwezi, Mkurya, Mhehe na Mkamba walipowekwa katika kombania moja, lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, nao walirudi nacho makwao pamoja na maneno ya kwata na gwaride. Mahali pengi pa bara ambapo padri na karani hawakuwa wamekifikisha, askari alikifikisha. Vyuo vikuu vinavyotoa leo digrii za juu katika lugha hii vimejengwa juu ya msingi ambao sehemu yake moja ilibebwa mgongoni na watu ambao hawakupata kuketi katika dawati la sekondari. Basi neno la askari mstaafu halipaswi kuwa neno la kigeni katika kurasa za wasomi.

Vita vilipokwisha, malipo yalikuwa ya namna gani? Hati ya mwaka wa 1945 iliyofichuliwa hadharani mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba askari wa kawaida wa Kizungu aliyetoka katika makoloni ya Afrika alihesabiwa kiinua mgongo cha shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na mwenziwe Mwafrika shilingi 3 na nusu. Risasi ya adui haikubagua rangi ya ngozi, lakini daftari la mlipaji lilibagua. Zaidi ya hayo, serikali ya kikoloni iliona kwamba mahali pa haki pa askari Mwafrika ni kijijini kwake, alikotoka, na jembe lake. Dereva alirudishwa mahali pasipo gari, na mpeleka habari mahali pasipo waya. Mtu wa Mara alichukua fedha zake akanunua ng'ombe, akaoa, akalipa mahari. Wako wanaomcheka kwa hilo, wakisema angesomesha watoto. Wacheke baada ya kuonyesha shule ambayo angewapeleka.

Mifano miwili inayojulikana yatosha kuonyesha jambo lenyewe. Waruhiu Itote wa Kenya, ambaye baadaye aliitwa Jenerali China, alipigana Burma. Aliporudi, kazi aliyoipata ilikuwa ya kuchochea moto katika gari la moshi. Abdulwahid Sykes wa Dar es Salaam naye alikwenda Burma na batalioni ya sita. Alikuwa mtoto wa mji, mwana wa ukoo uliokwisha kujua kalamu, naye baadaye akawa mkuu wa soko la Kariakoo na mmoja wa waasisi wa TANU mwaka wa 1954. Majasho ya Burma yalikuwa mamoja kwa wote wawili. Mmoja alirudi kwenye koleo la makaa na mwingine kwenye meza, na ufunguo wa meza hiyo ulikuwa elimu na mji aliokuwa nao mtu kabla ya kuvaa sare. Vita havikumpa yeyote cheti. Aliyeingia na kitu alitoka nacho, na aliyeingia mikono mitupu alitoka na medali.

Mtu aweza kusema kwamba hayo yalikuwa ya mkoloni, na kwamba uhuru uliyafuta. Uhuru ulifuta mengi, lakini hili haukulifuta lote. Maasi ya Januari 1964 yalilivunja jeshi lililorithiwa, na tarehe 1 Septemba ya mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Kabla yake, mwaka wa 1963, lilikwisha anzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, lenye nia njema ya kumfanya kijana ashike bunduki, jembe na kitabu. Mwaka wa 1966 serikali ikawataka wasomi nao watumikie taifa kwa miaka miwili, na katika muda mkubwa wa utumishi huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara wao. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana tarehe 22 Oktoba kwa kuona kwamba wameonewa. Karibu 400 wakafukuzwa kwa muda. Kisa hiki hukumbukwa mara nyingi vyuoni, na wengi hukieleza kama habari ya uhuru wa maoni. Kina fundisho jingine lisilosemwa sana. Msomi alipoombwa miaka miwili ya maisha yake alijua thamani yake, akaitaja kwa sauti kubwa. Mtoto wa mchungaji wa Tarime alipoombwa miaka ishirini hakuandamana, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba miaka hiyo ina bei.

Kisha vikaja vita vya Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa. Jeshi lilikuzwa kwa haraka kwa kuita wanamgambo, polisi na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, likapita watu 100,000. Mkoa wa Mara ulitoa makamanda wakubwa: David Musuguri, mtu wa Butiama aliyeingia Keya mwaka wa 1942, aliongoza divisheni ya 20, akawa Mkuu wa Majeshi toka mwaka wa 1980 hata 1988, naye amefariki mwaka wa 2024, Mwita Marwa aliongoza brigedi ya 208, na Ernest Mwita Kiaro alimrithi Musuguri katika ukuu wa majeshi. Majina haya ni ya haki kutajwa. Lakini nyuma ya kila jenerali wamo maelfu wa safu ya chini ambao jina lao ni namba, nao ndio waliorudi vijijini wakati nchi imefilisika. Vita viligharimu kiasi cha dola milioni 500, maduka yakawa matupu, viwanda vikasimama. Mwanamgambo aliitwa kwa ngoma akarudishwa kimya.

Yaliyofuata katika Tarime yanajulikana, na hayafai kufichwa. Bunduki zilizotoka katika vita zilifika katika wizi wa ng'ombe, na wizi ambao zamani ulikuwa wa mikuki na mishale ukawa biashara ya risasi. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka wa 2000, aliueleza uhusiano huo wa jeshi, vita na wizi wa mifugo kwa urefu. Wako waliosoma maelezo ya namna hiyo wakatoa hukumu ya haraka: askari mstaafu wa Mara ni hatari, aogopwe. Hukumu hii ni dada wa ile sifa ya kwanza. Yule aliyesema mtu huyu amezaliwa askari na yule asemaye mtu huyu amezaliwa mwizi wanakula katika sahani moja. Wote wawili wanaitupia damu kosa la sera. Mtu aliyefundishwa jambo moja kwa miaka, kisha akaachwa bila jambo la pili, atalifanya lile alijualo. Wengi sana katika hao hawakuiba hata mbuzi. Walirudi wakalima mahindi na mihogo, wakazeeka kwa heshima, na kwa kuwa hawakuiba hapana aliyewaandika.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni kwamba jeshi lenyewe ni shule tosha. Humfundisha mtu utii, saa, usafi, uvumilivu na ufundi. Mwajiri mwenye akili atamkimbilia. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni hatari. Ni kweli kwamba jeshi hufundisha. Lakini elimu isiyo na cheti ni kama sarafu isiyo na mhuri: mwenye nayo anajua ni fedha, na muuza duka anaikataa. Fundi aliyetengeneza magari ya jeshi kwa miaka kumi na mitano akifika katika karakana ya raia ataulizwa karatasi, na kijana aliyemaliza chuo jana atapewa kazi ya kumsimamia.

Jambo hili limepimwa kwa hesabu mahali pengine. Katika vita vya Vietnam serikali ya Marekani iliwaita vijana jeshini kwa bahati nasibu ya tarehe zao za kuzaliwa. Kwa kuwa kura haikuchagua mvivu wala hodari, mchumi Joshua Angrist aliweza kulinganisha walioitwa na wasioitwa. Mwaka wa 1990 alitoa jibu: wapiganaji wa zamani wa Kizungu, miaka mingi baada ya utumishi wao, walikuwa wakipata pungufu ya kiasi cha asilimia 15 kuliko wenzao ambao hawakwenda. Sababu aliyoieleza si ya ajabu. Wakati askari yuko vitani, mwenziwe yuko kazini anapanda ngazi. Askari anaporudi ngazi imekwisha pandwa. Ikiwa jeshi la nchi tajiri kama ile halikumlipa mtu muda wake aliopoteza katika kazi, itasemwaje kwamba kambi peke yake yamtosha kijana wa Mbalibali aliyeingia na cheti cha darasa la saba au kidato cha nne?

Hoja ya pili husema kwamba nchi ni maskini, na kwamba mambo ya Marekani ni ya matajiri. Wataje sheria ya mwaka wa 1944, ambayo kwayo Rais Roosevelt aliwafungulia askari wa Marekani milango ya vyuo. Zaidi ya milioni 2 waliingia vyuo vikuu, na zaidi ya milioni 5 wakajifunza kazi nyingine. Ni kweli kwamba Tanzania haina hazina hiyo. Na ni kweli pia kwamba hata huko askari wengi weusi walifungiwa milango hiyo na wakuu wa majimbo na wenye mabenki, jambo linaloonya kwamba sheria njema bila msimamizi mwema ni maandishi juu ya maji. Lakini umaskini hauwezi kuwa jibu pale ambapo kinachotakiwa kimekwisha jengwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina sheria yake tangu mwaka wa 1975. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1992. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1994, nayo ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza nje ya darasa na kumpa cheti. Kisima kimechimbwa, kamba ipo, ndoo ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mwenye kiu kwamba kisima ni chake pia.

Na lipo jambo lililo karibu zaidi na nyumbani. Novemba 1974, katika mkoa huu huu wa Mara, lilitolewa Azimio la Musoma. Pamoja na kutaka elimu ya msingi kwa kila mtoto, azimio hilo lilisema kwamba mtu hataingia chuo kikuu kwa mitihani peke yake, bali sharti kwanza awe ametumika na kufanya kazi. Sharti hilo baadaye lililegezwa, na hapana haja ya kulirudisha kwa wote. Lakini maana yake haikufa: miaka ya utumishi ni elimu inayostahili kuhesabiwa mlangoni mwa chuo. Ilikuwa ajabu basi, na bado ni ajabu, kwamba wazo lililozaliwa Musoma halikumfaa askari aliyezaliwa mwendo wa siku chache kutoka Musoma.

Hoja ya tatu ndiyo inayojificha kuliko zote, kwa kuwa huja imevaa nguo za huruma. Husema kwamba askari mstaafu hakosi kazi, maana kazi ya ulinzi ipo. Na kweli ipo. Makampuni ya ulinzi yanamtaka. SUMAJKT inayo kampuni yake ya ulinzi. Mabenki, maghala na migodi inahitaji walinzi, na Nyamongo, ambako mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza mwaka wa 2002, si mbali. Kazi ya mlinzi ni kazi ya halali, na anayeidharau hajapata kulala salama ndani ya nyumba iliyolindwa. Lakini ni jambo moja mtu kuichagua kazi, na jambo jingine kukuta kwamba milango mingine yote imefungwa ikabaki ya lango. Aliyekuwa muuguzi kambini, mpishi wa watu mia, mtunza bohari, fundi wa mitambo, wote hupimwa kwa kipimo kimoja: je, anajua kukesha? Taifa lililotumia fedha kumfundisha mtu uuguzi, kisha likamsimamisha getini, limejiibia lenyewe.

Hasara haiishii kwa mtu mmoja. Mkewe alilima peke yake miaka yote aliyokuwa mbali, akapeleka watoto zahanati, akasimamia ng'ombe wa mahari. Malipo ya subira yake ni kumpokea mume ambaye ana ujuzi usionunuliwa. Watoto wanatazama. Kijana wa shule ya Mbalibali hasomi vitabu vya sera. Husoma maisha ya baba na baba mdogo. Akiona kwamba aliyekwenda jeshini na aliyeacha shule wamekutana katika kibanda kimoja cha mlinzi, atahesabu kwamba kusoma hakuongezi kitu. Akiona kwamba aliyekwenda jeshini alirudi na cheti cha ufundi, akafungua karakana Mugumu au akafundisha katika chuo, atahesabu hesabu nyingine. Hivyo deni la baba lisipolipwa hulipwa na mwana, na kwa riba.

Yanayotakiwa si mengi, wala si mapya. Kwanza, kila ujuzi unaofundishwa kambini, kwa askari wa kudumu na kwa kijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, upimwe kwa vipimo vile vile vya raia na utolewe cheti kile kile, siku ile ile, kabla mtu hajavua sare. Maana cheti kinachotafutwa baada ya kustaafu hutafutwa na mtu asiye na nauli. Pili, muda wa mwisho wa utumishi uwe muda wa darasa, ili yule aliyeingia kwa cheti cha msingi atoke kwa cha sekondari, na wa sekondari atoke ametazama mlango wa chuo. Tatu, vyuo vikuu, ambavyo hupenda kusema juu ya haki ya wanyonge, viihesabu miaka ya jeshi katika kupokea wanafunzi watu wazima, kwa kipimo kilichoandikwa na kujulikana. Nne, mwajiri wa serikali aonyeshe mfano kwa kumwandika askari mstaafu katika kazi ya ujuzi wake, ndipo apate uso wa kumwambia mwajiri wa biashara afanye vivyo hivyo.

Wasomi wana kazi yao pia, nayo haina gharama. Waache kuandika kwamba watu fulani wamezaliwa kwa vita. Neno hilo limekuwa likirudiwa toka enzi za Keya, katika vitabu na katika mizaha ya mabweni, na kila linaporudiwa hufunga mlango mmoja mbele ya mtu mmoja. Kila mwaka, tarehe 25 Julai, taifa huwakumbuka mashujaa wake. Mikuki na ngao huwekwa, mashada huwekwa, tarumbeta hulia. Heshima hiyo ni wajibu kwa waliokufa. Waliobaki hai hawawezi kula shada la maua. Waungwana husema ahadi ni deni, na kumvika mtu sare ni ahadi hata kama hakuna neno lililotamkwa: kwamba atakayotoa kwa taifa hayatakuwa kisa cha yeye kuachwa nyuma na taifa. Mpaka siku ahadi hiyo itakapotimizwa Mbalibali kama inavyosifiwa jukwaani, mwenye kumsifu mtu wa Mara kwa ushujaa wake na ahesabiwe miongoni mwa wadaiwa wake.